Treni Mpya na Dhamiri ya Anayetia Sahihi



Kila tunapoleta mada ya usafiri katika mikutano ya Jumuiya Ndogondogo, hakosekani mwenzetu mmoja wa kuuliza: mambo ya treni yanaihusu nini Tume ya Haki na Amani? Wahandisi wafanye kazi yao, nasi tusali. Tunaliheshimu swali hilo. Tunapenda kulijibu kwa kukumbusha agizo moja dogo ambalo mahubiri yetu hulipita upesi. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Sheria inamtaka mtu anayejenga nyumba mpya auzungushie ukingo paa lake, kusudi asije mtu akaanguka na nyumba ile ikabeba hatia ya damu. Tazameni namna agizo lenyewe lilivyo. Halimwonyi mgeni awe mwangalifu anapopanda juu. Halingoji mtu avunjike shingo ndipo wazee wakae kikao. Mzigo wote linamtwika yule anayejenga, tena linamtwika wakati nyumba ingali mpya.

Sisi nasi tumepata nyumba mpya. Tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, mwezi uliofuata ikafika Dodoma, na tarehe 1 Agosti Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi. Tumefurahi, wala hatuoni haya kusema kwamba tumefurahi. Mama anayetoka Morogoro kwenda kumwangalia mwanawe aliyelazwa Muhimbili anaweza sasa kwenda na kurudi siku hiyohiyo bila kushinda barabarani. Hilo ni jambo la utu, na waliolifanikisha wanastahili shukrani.

Lakini tunakumbuka mabishano yaliyotangulia. Mwaka 2022 na 2023 watu walibishana sana, mitaani na magazetini, kama mabehewa yanayoshushwa bandarini ni mapya kabisa au yametumika Ulaya na kukarabatiwa. Tuliyasikiliza mabishano yale, tukaona kwamba pande zote mbili zilikubaliana katika jambo moja bila kulitamka: kwamba behewa likiwa jipya, basi ni zima. Hiyo ndiyo dhana tunayotaka kuipinga katika kurasa hizi. Na kwa kuwa si haki kuwahukumu watu wa nyumbani kabla ushahidi haujakamilika, tutaeleza kwanza kisa cha wengine, tena cha nchi tajiri, kilichokwisha kuchunguzwa mpaka mwisho na taarifa yake ikawekwa wazi kwa yeyote atakaye kuisoma.

Kisa hicho ni cha Uholanzi. Wazee wa Morogoro wanawafahamu Waholanzi, maana mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliotoka huko waliinjilisha sehemu hizo kwa miaka mingi, na askofu wa kwanza wa jimbo alikuwa mmoja wao. Ni watu wa hesabu na wa mipango, ambao nusu ya nchi yao ingefunikwa na maji kama kuta za bahari zingejengwa ovyo. Treni kwao ni kama daladala kwetu. Kama kuna watu ambao tungedhani hawawezi kuuziwa treni mbovu, ni hao.

Serikali yao ilijenga njia mpya ya treni za mwendo kasi kutoka Amsterdam kwenda kusini hadi mpaka wa Ubelgiji. Mwaka 2001 haki ya kuendesha treni katika njia hiyo ilipewa kampuni iliyoundwa na shirika la reli la taifa kwa kushirikiana na shirika la ndege la KLM. Ili ipate haki hiyo, kampuni iliahidi kuilipa serikali ada kubwa mno, yuro milioni 148 kila mwaka. Hapo, kwa maoni yetu, ndipo ubovu ulipopandwa, kabla hata boliti moja haijafungwa. Maana aliyeahidi kulipa kuliko uwezo wake hana budi kubana mahali fulani, na mahali penyewe pakawa ni kwenye treni. Badala ya kununua treni zilizokwisha kuthibitika katika njia za nchi nyingine, mwaka 2004 waliagiza kwa kampuni ya Kitaliani iitwayo AnsaldoBreda treni za muundo mpya, V250, za kwenda kilomita 250 kwa saa. Hatimaye idadi ilikuwa treni 19 tu: 16 za Uholanzi na 3 za Ubelgiji. Muundo huo haukuwa umewahi kufanya kazi popote duniani.

Wala dalili hazikukosekana. Mwaka 2000 Denmark ilikuwa imeagiza kwa mtengenezaji huyohuyo treni 83 za aina nyingine, na zilitakiwa zianze kazi mwaka 2003. Waholanzi walipotia sahihi mwaka 2004, Wadenmark walikuwa bado wanangoja, na waliendelea kungoja mpaka mwaka 2007 ndipo abiria wa kwanza wakapanda. (Kuna jambo la kuchekesha na kuhuzunisha kwa pamoja: treni mojawapo katika zile zilizoagizwa na Denmark ilikuja kuonekana Libya, ilikopelekwa mwaka 2009 kama zawadi kwa Kanali Gaddafi.) Jirani anaponyolewa, sisi Waswahili tunajua la kufanya. Waholanzi walishika wembe wenyewe.

Treni zilitakiwa zifike mwaka 2007. Hazikufika. Zile za kwanza zililetwa kwa majaribio mwaka 2009, na njia mpya iliyogharimu mabilioni ikafunguliwa kwa kutumia mabehewa ya zamani yanayovutwa na vichwa vya kawaida. Miaka ikapita. Kila mwaka uliopita ulizidisha haraka ya wakubwa, kwa kuwa ada iliendelea kudaiwa na wabunge waliendelea kuuliza. Tarehe 9 Desemba 2012 treni mpya, kwa jina la biashara Fyra, zilianza safari za Amsterdam hadi Brussels. Na hapa tunaomba msomaji asimame kidogo, maana mwanzoni mwa huduma hiyo mpya treni ya zamani iliyounganisha miji hiyo kwa miongo mingi iliondolewa. Treni ile ya zamani haikuwa na mbio, lakini mtu alikata tiketi akapanda. Treni mpya ilimtaka abiria aweke nafasi mapema. Mji wa The Hague, ambao wasomaji wetu wanaujua kwa ajili ya mahakama za kimataifa, uliachwa bila treni ya moja kwa moja kwenda Brussels. Usitupe mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga wetu. Wao waliutupa, na msala ulikuwa haujatandikwa.

Ikawa shida tangu wiki ya kwanza. Treni zilichelewa, nyingine zilifutwa kabisa, na abiria waliosimama katika baridi ya Desemba hawakuwa na treni nyingine ya kukimbilia. Halafu Januari theluji ikaanguka. Barafu iliganda chini ya mabehewa, na tarehe 17 Januari 2013 bati la chini ya behewa lilikutwa limedondoka njiani katika ardhi ya Ubelgiji. Wakuu wa usalama wa Ubelgiji wakazipiga marufuku treni hizo. Huduma iliyongojwa kwa miaka mingi ilikuwa imedumu siku zipatazo 40, urefu wa Kwaresima moja.

Wataalamu walipoingia chini ya treni kuzikagua, walikuta mambo ambayo hayakuhitaji elimu ya juu kuyatambua: kutu katika vyuma vya treni zisizomaliza hata mwaka kazini, vipande visivyokazwa sawasawa, kasoro katika milango na breki. Mtengenezaji alijitetea kwamba treni ziliendeshwa vibaya wakati wa theluji, na ni haki tuseme kwamba alijitetea. Lakini Uholanzi na Ubelgiji si nchi zilizogundua theluji mwaka 2013. Mwisho wa Mei mwaka huo Wabelgiji walitangaza kuvunja mkataba, na siku chache baadaye Waholanzi wakawafuata.

Tuna neno la kusema kuhusu kauli iliyotumika sana katika siku zile zipatazo 40, kwa kuwa kauli hiyohiyo husikika hata kwetu kila kitu kipya kinapokwama: kwamba hayo ni matatizo ya mwanzo tu, tuvumilie. Si kauli ya uongo daima. Treni ya siku hizi ni mtambo wenye maelfu ya vifaa, na vingi vinaongozwa na programu za kompyuta. Mlango unaweza kukataa kufunga kwa sababu kifaa kidogo cha kuhisi kimewekwa kikali mno. Programu inaweza kuisimamisha treni ikidhani kuna hatari isiyokuwapo. Kasoro za namna hiyo hutokea hata kwa watengenezaji hodari. Lakini zina tabia yake: hupungua. Wahandisi huzipima kwa kuhesabu ni kilomita ngapi treni inakwenda kati ya hitilafu moja na nyingine, na kama matatizo ni ya mwanzo kweli, umbali huo hurefuka mwezi hadi mwezi, na mtu yeyote anaweza kuonyeshwa hesabu hiyo katika karatasi moja.

Kutu si tatizo la mwanzo. Boliti isiyokazwa si tatizo la mwanzo. Maji yanayokusanyika mahali yasipotakiwa kwa sababu aliyechora hakuyaachia njia ya kutokea si tatizo la mwanzo. Hizo ni kasoro za kazi mbaya, na zenyewe haziponi kwa kuvumiliwa, huzidi. Anayewaambia abiria wavumilie kasoro ya aina ya pili kwa maneno yanayofaa ile ya kwanza anawadanganya, hata kama kila neno lake likitazamwa peke yake lina ukweli. Ndiyo sababu tunasema abiria ana haki ya kuonyeshwa hesabu. Subira ni tunda la Roho, lakini subira inayodaiwa na mtu aliyeficha daftari si fadhila tena.

Basi ni nani aliyesema kwamba treni zile ni nzima? Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Hakuna treni iliyoingia njiani kwa kunyemelea. Zilikuwa na hati zote. Bunge la Uholanzi liliunda kamati ya uchunguzi, mfano wa ile Kamati Teule ya Bunge letu iliyochunguza mkataba wa umeme wa Richmond. Mashahidi waliitwa mwaka 2015 na kuhojiwa hadharani, na taarifa ikatolewa tarehe 28 Oktoba mwaka huo. Jina la taarifa, kwa lugha yetu, ni kama kusema abiria ameachwa kwenye baridi. Kamati ilieleza jinsi fedha na heshima ya serikali na ya shirika la reli zilivyotangulizwa mbele ya abiria kwa miaka zaidi ya kumi. Ilieleza kwamba shirika lililonunua halikusimamia ujenzi kiwandani kwa ukaribu uliotakiwa. Na ilieleza jinsi ukaguzi wa usalama ulivyoegemea mno makaratasi: huyu ameangalia hati ya yule, yule ameangalia hati ya mwingine, kila mmoja ametia sahihi akiwa na imani kwamba aliyemtangulia ndiye aliyeingia chini ya behewa na tochi. Siku taarifa ilipotoka, Wilma Mansveld, naibu waziri aliyehusika na reli, alijiuzulu.

Tumekaa sana juu ya picha hiyo ya sahihi zinazoegemeana. Hatuoni ndani yake mtu mmoja mwovu. Tunaona watu wengi wa kawaida, wenye mishahara na familia, na pengine baadhi yao husali kanisani kila Dominika, ambao kila mmoja alifanya sehemu yake ndogo bila kuuliza swali ambalo lingechelewesha sherehe. Mafundisho ya Kanisa kuhusu kazi, tangu Papa Leo XIII alipotoa waraka wake wa kijamii mwaka 1891, yamesisitiza haki ya mfanyakazi kwa ujira na mapumziko. Sisi tunaongeza kwamba mkaguzi naye ni mfanyakazi mwenye haki, na haki yake kubwa ni kuweza kusema hapana bila kupoteza kazi. Pale ambapo mkaguzi hana ruhusa ya kukataa, sahihi yake haina maana zaidi ya muhuri wa posta.

Yafaa tueleze pia mwisho wa treni zenyewe, maana unatufundisha jambo. Mwaka 2014 Waholanzi walikubaliana na mtengenezaji wazirudishe na walipwe yuro milioni 125, ambazo ni pungufu ya walizotoa. Treni zikarudi Italia, zikafanyiwa matengenezo makubwa, zikanunuliwa na shirika la reli la huko, na tangu mwaka 2019 zimekuwa zikibeba abiria Waitaliani. Kwa hiyo hazikuwa na laana. Palikuwa na kazi iliyostahili kufanywa ambayo haikufanywa, na ilipofanywa treni zilikwenda. Hasara yote ile, abiria wote wale katika baridi, vilitokana na kazi ambayo ilikuwa inawezekana.

Wengine watasema hayo ni ya Wazungu. Basi tutazame Afrika Kusini, kwa ufupi, kwa sababu habari yake inauma. Mwaka 2013 shirika la treni za abiria la huko liliingia mkataba wa randi bilioni 3.5 kununua vichwa 70 vya treni kutoka Hispania kwa kupitia kampuni ya kati. Vilifika 13 tu, ikabainika kwamba vile vya dizeli vilivyotangulia ni virefu kupita kipimo cha njia za nchi hiyo. Mwaka 2017 Mahakama Kuu iliufuta mkataba kwa kuwa zabuni ilipindishwa, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikathibitisha hukumu hiyo. Aliyekuwa mkuu wa uhandisi wa shirika, aliyejitokeza kuvitetea vichwa hivyo, ilikuja kugundulika kwamba shahada ya udaktari aliyojinadi nayo hakuwa nayo. Mwaka 2024 mahakama ilimtia hatiani kwa ulaghai. Uholanzi palikuwa na haraka na kiburi. Afrika Kusini paliongezeka wizi. Lakini mlango walioingilia ni ule ule mmoja: mahali ambapo mtu mmoja anatakiwa aseme kwa niaba ya umma kwamba kitu hiki kinafaa. Na waliolipia huko ni akina nani? Ni wafanyakazi wa mishahara midogo wanaoishi mbali na miji kwa sababu ubaguzi wa rangi uliwasukuma huko, ambao treni ndiyo nauli pekee wanayoimudu.

Turudi nyumbani. Mwishoni mwa Julai 2024, baada ya treni yetu kusimama njiani kwa kukosa umeme, shirika la reli lilitoa taarifa iliyotaja, pamoja na sababu nyingine, bundi na ngedere waliogusa nyaya. Watu walicheka nchi nzima. Sisi hatukucheka sana. Wanyama na ndege kugusa nyaya za umeme ni jambo linalojulikana katika reli za umeme duniani kote, na shirika lililotoa maelezo limefanya vema kuliko lile linalonyamaza. Tunachokiona kimepungua ni kile kinachopaswa kufuata maelezo. Treni zimesimama mara ngapi tangu zilipoanza? Wapi? Kwa hitilafu za njia ngapi, na kwa hitilafu za treni zenyewe ngapi? Je, umbali kati ya hitilafu na hitilafu unarefuka au unafupika? Hatusemi kwamba treni zetu ni mbovu. Tunasema kwamba raia ambaye kodi yake italipa mikopo ya reli hii, na wajukuu wake wataendelea kuilipa, hapaswi kujua hali ya treni kwa kubahatisha kutokana na vichekesho vya mtandaoni.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa walei wayachukue mambo haya katika vikao vya kata na kwa wabunge wao. Tunayo Mamlaka ya Udhibiti Usafiri wa Ardhini, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, yenye dhamana ya usalama wa reli. Tuombe taarifa zake za ukaguzi wa treni mpya zitolewe kwa umma, kwa Kiswahili, zikionyesha kipi kilikaguliwa kwa macho na mikono na kipi kilikaguliwa kwa kusoma hati. Tunaye Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye taarifa zake husomwa Bungeni kila mwaka. Kwa kawaida huulizwa kama fedha zimetumika kwa utaratibu. Aulizwe pia kama kilichopokelewa ni kile kilichoagizwa, na kama mikataba inaacha sehemu ya malipo mkononi mwa mnunuzi mpaka treni ithibitike kazini. Mnunuzi aliyekwisha kulipa yote hana sauti kiwandani, kama vile mtu aliyemlipa fundi fedha zote kabla paa halijaezekwa.

Tunaomba pia, na hili ni ombi ambalo sisi wenyewe tuliligawanyikia kabla hatujakubaliana, kwamba treni za reli ya zamani zisiondolewe wala kuachwa zioze kwa kisingizio cha hizi mpya. Baadhi yetu waliona kwamba ni kurudisha nchi nyuma kutetea reli iliyoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905. Lakini reli ile ndiyo inayopita vijiji kama Kimamba na Godegode, na mizigo ya mama muuza vitunguu haiwekwi kwenye sehemu ya juu ya viti vya treni ya umeme. Hata kwa abiria wa mjini, treni ya pili ndiyo akiba siku ya kwanza inapokwama. Waholanzi walilijua jambo hili Januari 2013, walipokuwa hawana ya kurudia.

Neno moja kuhusu wafanyakazi wa treni. Treni inaposimama porini usiku, abiria humwona mtu mmoja tu wa kumlaumu, naye ni kijana mwenye sare anayepita katikati ya viti. Yeye hakuichora treni, hakuinunua, hakutia sahihi. Mara nyingi hata hajaambiwa sababu. Kumtukana ni dhuluma, na tumesikia kwamba baadhi ya waliomtukana walikuwa na rozari mkononi. Aulizwe kwa adabu, na jibu lake liandikwe.

Maana hilo la kuandika ndilo Tume imeamua kuanza nalo. Kuanzia Dominika ijayo tunaomba kila mwanaparokia atakayesafiri kwa treni, mpya au ya zamani, aandike tarehe, namba ya treni, stesheni aliyopandia, muda wa kuondoka uliokuwa kwenye tiketi na muda halisi wa kuondoka na kufika. Treni ikisimama njiani, aandike mahali, imesimama kwa muda gani, na abiria wameambiwa nini. Safari iliyokwenda vizuri iandikwe pia, tena kwa uaminifu uleule, la sivyo hesabu yetu itakuwa ya uongo kama zile tunazozilalamikia. Jina la mwandishi si lazima. Baada ya miezi sita tutajumlisha, na wajumbe wawili wa Tume watampelekea mheshimiwa mbunge nakala, pamoja na nyingine kwa meneja wa stesheni. Karatasi za kuandikia ziko kwa katibu, mlangoni mwa sakristia, baada ya Misa ya pili.